Banda la Sungura la Nje: Namna ya Kulijenga Imara kwa Fedha Kidogo

Msomaji, kabla hujakata mti wala kununua msumari, yafaa kwanza umfahamu mnyama utakayemjengea. Sungura tuliyemzoea katika hadithi za bibi zetu, yule mjanja tumwonaye jioni akikimbia kandokando ya mashamba ya pamba na mtama, si mnyama huyu. Yule wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi penye majani, na watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho yao yamefunguka. Lakini sungura wa kufugwa asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, na huko wahenga wake walikaa chini ya ardhi, katika mashimo marefu waliyoyachimba kwa makucha yao. Watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, nao hukaa yapata siku 10 kabla ya kufungua macho.

Ndiyo maana mnyama huyu ana tabia mbili zitakazokusumbua: hupenda kuchimba, wala hawezi kulivumilia jua. Shimoni alikuwa na ubaridi, na ukavu, na giza la mchana, na mlango mwembamba ambao adui mkubwa hawezi kuupita. Ukimweka katika nchi yetu ya Kolandoto, ambako tangu Juni hata Septemba mvua ni haba sana, na jua la Septemba na Oktoba huunguza, huna budi kumpa vitu vile vile vinne kwa mikono yako. Basi banda lililo jema ni shimo lililoinuliwa juu ya nguzo. Shika neno hili, nalo litakuongoza penye shaka, utakapoulizwa na fundi mlango uwe wapi au paa liwe la kitu gani.

Mimi mwenyewe sikulifahamu hapo kwanza, ingawa nilikuwa nimesomea kazi ya ukulima. Banda langu la kwanza nililijenga chini, juu ya udongo mtupu, nguzo 8 za mgunga na wavu wa kuku kuzunguka pande zote, na bati juu. Nililitazama nikajisifu. Katika mwezi wa kwanza jike alichimba chini ya wavu akatoka. Tukamkamata katika shamba la viazi la jirani, nami nikalipa hasara yake. Mvua za Machi zilipokuja, udongo ule ulichanganyika na mkojo na mavi, na watoto 6 wakaanza kuhara, matumbo yakavimba, wakafa mmoja baada ya mwingine ndani ya juma moja. Mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, nilimkuta dume amelala ubavu chini ya lile bati, masikio ya moto, mdomo umelowa, naye hakuamka tena. Fedha niliyoitumia ingalitosha kujenga banda jema, ila niliitumia mahali pasipopasa.

MAHALI NA NGUZO

Usijenge mbugani. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na hushika maji wakati wa masika, na nguzo hulegea ndani yake. Chagua mahali palipoinuka, penye udongo wa kichanga uitwao luseni, karibu na nyumba yako kiasi cha kusikia usiku mnyama akipiga miguu yake sakafuni. Maana sungura hana sauti ya kuita, na kupiga mguu ndiyo kengele yake. Ikiwa uani kuna mwembe au mwarobaini, weka banda chini ya kivuli chake.

Banda liwe refu kutoka mashariki kwenda magharibi, na uso wake wenye wavu utazame kusini. Sababu yake ni hii: katika miezi ya kiangazi jua letu hupita upande wa kaskazini, hivyo ukuta wa nyuma ulioziba utalipokea, na uso utakaa kivulini. Kuanzia Oktoba hata Februari jua hupita kusini, lakini hupita juu sana, na upenu wa futi moja na nusu watosha kulizuia. Chunguza pia upande ambao mvua ya upepo hutokea kwako. Ukiwa ni ule ule wa uso wa banda, ning'iniza gunia la kuteremsha mvua ijapo.

Kwa kuanza jenga vyumba 2, kimoja cha jike na kimoja cha dume. Kila chumba kiwe na urefu wa futi 3, upana futi 2, na kimo futi 2. Acha nafasi upande wa mashariki ili uongeze chumba cha tatu watoto wa kwanza watakapokaribia juma la sita, wakati wa kuwaachisha. Jike mmoja akizaa mara 4 kwa mwaka, na watoto 5 wakakua kila mara, utakuwa na 20 mwaka ule ule. Wako watu ambao wamewahi kupita vijijini wakiahidi kununua kila sungura kwa bei kubwa. Mimi sikushauri kujenga vyumba 20 kwa kutegemea ahadi. Jua kwanza nani katika jirani zako hula nyama hii, kwa kuwa wengine dini yao huwakataza.

Nguzo ziwe 6, tatu mbele na tatu nyuma. Za mbele ziwe na urefu wa futi 7 na za nyuma futi 6 na nusu, na kila moja izame chini futi moja na nusu. Choma ncha inayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi, kisha ipake oili chafu kwa gereji, maana mchwa wa huku hawamwachi mtu. Sakafu ikae futi 3 juu ya ardhi. Katikati ya kila nguzo, chini ya sakafu, pigilia kipande cha bati la debe kuukuu kilichokunjwa kama mwavuli mdogo, uwazi wake ukitazama chini, nacho kitamzuia panya asipande. Chini yake tena funga kitambaa kilicholoweshwa oili chafu, kwa ajili ya siafu na sisimizi. Kitambaa hiki hukauka. Kiloweshe tena kila juma. Siafu wakiingia katika sanduku la watoto usiku, asubuhi hutakuta kitu.

SAKAFU

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sungura wengi wafao katika mabanda yetu huuawa na sakafu, na mwenyewe husema kwamba ni ugonjwa tu umepita.

Ule ugonjwa wa kuhara ulioniulia watoto 6 huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vikaavyo katika matumbo na ini la sungura. Mayai yake hutoka pamoja na mavi. Mara yatokapo hayawezi kudhuru; huhitaji kwanza unyevu, na muda wa siku moja au zaidi, ndipo yaive. Yakiisha kuiva, sungura mdogo akanyagaye mavi hayo, kisha akajilamba miguu au akala jani lililoanguka juu yake, huyameza. Sasa waona njia ya kuyakomesha. Mavi yakianguka chini mara moja, na sakafu ikawa kavu, mzunguko huu hukatika bila dawa yoyote.

Kwa hiyo sakafu iwe ya fito zenye nafasi. Nenda kwa maseremala wa mjini Shinyanga uwaombe mabaki ya mbao ngumu, ambayo wengi huyauza kwa bei ndogo ili yawe kuni. Pasua fito za upana wa inchi 1 na unene wa robo tatu ya inchi, uzilainishe kwa randa au kwa kipande cha chupa, kwa kuwa kibanzi kimoja kikimchoma mguu huleta kidonda kisichopona upesi. Zipange kutoka mbele kwenda nyuma, na kati ya fito na fito acha nusu inchi. Nafasi hiyo hupitisha mavi bila kunasa mguu. Chumba cha futi 3 kitataka fito 24.

Usizipigilie fito hizi juu ya nguzo. Zipigilie juu ya mbao mbili zilizolala, ili ziwe kama kitanda kidogo unachoweza kukitoa kwa mlango na kukirudisha. Kisha fanya vitanda 3 kwa vyumba vyako 2. Hapo kitanda kimoja kitakuwa nje siku zote, kimekwanguliwa, kimeoshwa kwa maji ya moto, kimeanikwa; jua hili hili linalomuua sungura huwaua na wale vijidudu. Kila juma badilisha. Kitanda cha tatu kitakugharimu mabaki ya mbao na misumari tu, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko kitu kingine chochote katika banda lako.

Watu wengine huweka wavu wa waya katika sakafu nzima. Ni safi, lakini huchubua nyayo za wanyama wakubwa. Ukifanya hivyo, weka pembeni kipande cha ubao cha futi moja apate kupumzikia.

KUTA NA PAA

Sungura hula nyumba yake. Nimeona banda zuri la mabua ya mtama, lililofungwa kwa kamba za katani kwa ustadi mwingi, likawa na tundu la kichwa baada ya usiku mmoja. Lile shina refu la mkonge litoalo maua, ambalo huku hujengea watu vitu vingi, nalo ni laini mno kwa meno yake. Litumie katika paa asikofika. Kuta za nyuma na za ubavuni zifanye kwa fito ngumu za mgunga zilizopigiliwa karibu karibu, au kwa mbao, kisha kwa nje ukandike udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Udongo hutunza ubaridi. Juu kabisa, chini ya paa, acha uwazi wa inchi 4 ulioziba kwa wavu, ili hewa ya moto ipate njia.

Angalia sana usitumie minyaa. Ua wako wote waweza kuwa wa minyaa, na ni ua mzuri, lakini utomvu wake mweupe hupofusha macho na huunguza kinywa, na sungura hutafuna kila fito iliyo mbele yake. Ukikata minyaa, nawa mikono kabla ya kushika majani ya kuwalisha.

Nguzo na fito zako utazipata wapi? Swali hili si dogo kwetu. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 vichaka vingi vya Shinyanga vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kazi iliyochunguzwa na kuongozwa hapa hapa Shinyanga na Bwana Charles Swynnerton mpaka alipofariki mwaka 1938. Baadaye mashamba ya pamba, na kuni, na mifugo mingi vikamaliza sehemu kubwa ya miti iliyosalia. Ilipoanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, mwaka 1986, watu walirudia desturi ya wazee ya kutenga ngitili, na leo miti imerudi mahali pengi. Ngitili ina wenyewe, iwe ya kaya au ya kijiji, na ina kanuni zake. Omba ruhusa, ukate matawi ya kupunguza, wala usikate shina. Nguzo 6 na fito za kuta si mzigo mkubwa, ikiwa zinachaguliwa.

Paa la bati peke yake ni tanuri. Mabati 2 ya futi 10, hata yaliyokwisha tumika, kila moja likikatwa katikati hutoa vipande 4 vya futi 5. Vipange kutoka mbele kwenda nyuma, navyo vitafunika vyumba vyote na kuacha upenu pande zote. Kisha juu yake funga nyasi, unene wa inchi 4 au zaidi, uzishike kwa fito na kamba. Mvua itazuiwa na bati, na jua litazuiwa na nyasi. Asiye na bati aezeke nyasi tupu, lakini nguzo za mbele azirefushe mpaka zipite za nyuma kwa futi 2, kwa maana nyasi hazimwagi maji bila mwinamo mkali.

Joto likizidi, utaliona kwa masikio yaliyolegea na pumzi za haraka. Lowesha masikio yake kwa maji ya kawaida, utundike gunia lililolowa mbele ya wavu. Dume aliyepatwa na joto kali, hata akipona, huenda asizalishe kwa majuma kadhaa. Basi usimchinje upesi kwa kumdhania tasa.

MLANGO NA MAADUI

Adui wa mchana ni nguchiro. Wa usiku ni kicheche, na paka pori, na mbwa wa jirani, na fisi, na nyoka anayefuata watoto. Nguchiro na kicheche hawavunji; hutafuta. Hupima kila ufa kwa pua, na mahali ambapo kichwa kimepita, mwili wote utapita. Fisi na mbwa huvunja. Kwa hiyo uso wa banda wataka kitu kigumu chenye matundu madogo, na wavu wa kuku si kitu hicho. Waya wake ni mwembamba, mbwa huurarua kwa meno, na matundu yake humruhusu panya kuingia na kuwala watoto waliozaliwa usiku ule.

Ikiwa una fedha ya kununua kitu kimoja tu, nunua wavu mgumu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Ukiupata wa upana wa futi 4, kata urefu wa futi 3 tu. Kipande hicho ukikikata katikati, utapata vipande 2 vya futi 3 kwa futi 2, navyo ndivyo nyuso za vyumba vyako viwili kamili. Kipigilie kwa ndani ya mbao za mlango, wala si kwa nje, ili mnyama asukumaye kutoka nje aubane wavu juu ya mti badala ya kung'oa misumari.

Uso wote wa kila chumba uwe mlango mmoja, maana humo utapitisha kitanda cha sakafu. Bawaba zaweza kuwa vipande vya mpira wa gari kuukuu, vitatu kwa kila mlango, vyenye misumari 4 kila kimoja. Komeo la mti la kuzungusha halitoshi; mnyama hulisukuma likazunguka, au upepo hulitikisa. Weka makomeo mawili, juu na chini, na lile la chini ulipitishe msumari mrefu au waya wa kukunja. Nyumba nyingi hupoteza sungura kwa mtoto aliyelisha jioni akafunga komeo moja. Wafundishe watoto wako kufunga kabla ya kuwafundisha kulisha.

VITU VYA NDANI

Vitu vya ndani ni vichache. Hori la majani lining'inizwe ubavuni, inchi 6 juu ya sakafu, ili chakula kisikanyagwe. Maji yawe katika bakuli zito la udongo lisilopinduka, nayo yawepo mchana na usiku. Jike anyonyeshaye hunywa kuliko unavyodhani, na akikosa maji maziwa hukauka. Nyasi kavu ziwe chakula cha kila siku, pamoja na matembele, mchunga na majani ya kunde yaliyonyauka kidogo. Kisamvu kibichi, majani ya viazi mviringo, na mahindi yenye ukungu usiwape.

Sanduku la kuzalia liwe na urefu wa inchi 16, upana wa inchi 10 na kimo cha inchi 10, na mbele ulipunguze mpaka inchi 6, ili mama aruke ndani lakini watoto wasitoke kabla ya wakati. Chini yake toboa matundu madogo ya kutoa mkojo. Hapa ndipo lile shimo la kwao linarudi kabisa: ndani giza, nyasi kavu, na mlango mmoja.

Wakati wa masika, majani yakiwa mengi, waweza kufanya fremu nyepesi ya futi 6 kwa futi 3, yenye wavu juu, pande zote na chini, wavu wa chini uwe na matundu ya inchi 2 ili majani yapite asiweze kuchimba. Waweke sungura wakubwa humo asubuhi umande ukiisha kukauka, penye kivuli, uihamishe fremu kila siku. Kabla ya magharibi warudishe bandani.

Banda likiisha, usilete wanyama siku ile. Ngoja usiku, uwashe taa uiweke ndani, ufunge milango, ulizunguke polepole gizani. Penye mwanga mpana kuliko kidole chako kidogo pana njia ya adui. Pazibe kesho yake. Kisha tikisa kila nguzo kwa mikono miwili.

Sungura wakiisha kuzoea kwa juma moja au mawili, na jike ametimiza miezi 5 au 6, mpeleke yeye katika chumba cha dume. Usimpeleke dume kwa jike, maana jike hukilinda chumba chake na humng'ata mgeni. Baadaye mrudishe kwake, uandike tarehe kwa chaki juu ya mlango. Siku ya 28 mwekee lile sanduku na nyasi kavu. Yapata siku ya 31 utakuta ndani manyoya aliyojinyonyoa kifuani, nayo yatatikisika. Ngoja mpaka mama atoke kwenda kula, sugua mkono wako kwa nyasi za chumba chake, funua polepole, uhesabu watoto, uwatoe waliokufa, kisha funika kama ulivyokuta.